Maji Yalipoingia Stooni



Wapenzi wasomaji, aliyekuwa Mombasa mwezi wa Novemba 2023 hahitaji kukumbushwa mvua ya vuli ya mwaka ule. Mitaro ilishindwa, barabara zikageuka mito, na wengi wetu tuliamka usiku kuokota mikeka na magodoro sakafuni. Kila tunapoona mawingu mazito yakijikusanya upande wa bahari, hukumbuka yaliyotupata nyumbani kwetu wakati ule. Wiki hii tumeona tuwasimulie, si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu yako mambo tuliyoyajua tukiwa tumekwisha kuchelewa, na huenda yakamfaa mwenzetu ambaye bado ana nafasi.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na boriti, katika vichochoro vya Mji wa Kale. Chini yake mna stoo ambayo sakafu yake iko ngazi nne chini ya usawa wa njia. Wazee waliitumia kuwekea bidhaa. Ilikuwa na ubaridi mzuri, na kwa hiyo miaka yote ndiko tulikoweka kila kitu ambacho hakikuwa na kazi ya kila siku lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kukitupa. Mlikuwa na kasha la mvule la bibi yetu, marehemu, na ndani yake leso alizotunzwa siku ya harusi yake. Mlikuwa na albamu za picha, barua za ami zetu walipokuwa wakifanya kazi Uarabuni, na sanduku la kaseti. Mlikuwa na udi wa babu, aliokuwa akiupiga katika taarabu enzi za ujana wake. Na mlikuwa na matari 12 ambayo hayakuwa yetu. Yalikuwa ya kikundi cha kina mama wa mtaa, wanaoyapiga katika maulidi na katika harusi, nasi tuliwekewa amana.

Tunajua kwamba katika suala la ala wanazuoni wetu wana kauli mbalimbali, na wako wasomaji wanaoliridhia tari lakini hawauridhii udi. Safu hii si mahali pa mjadala huo. Tunazungumza juu ya mali ya marehemu na amana ya watu walio hai, na namna ya kuvinusuru vinapofikwa na maji. Katika hilo tari, udi na kasha la nguo hali yao ni moja.

Baada ya sala ya alfajiri mmoja wetu alifungua mlango wa stoo, akaona maji yamefunika ngazi tatu. Yalikuwa meusi na yenye harufu ya choo, maana mashimo ya mtaa yalikuwa yamefurika pamoja na mitaro. Sanduku la udi lilikuwa likielea karibu na mlango, kana kwamba linataka kutoka lenyewe.

Kijana wetu alikwisha kukunja suruali ili ashuke. Ami akamshika mkono. Katika ukuta wa stoo ile, shubiri mbili kutoka sakafuni, mna soketi ya umeme, nayo ilikuwa imezama. Swichi kuu ya nyumba, kwa bahati, iko juu, mahali pakavu, ikazimwa kabla ya mtu yeyote kutia mguu. Lau nayo ingalikuwa majini, ingalitupasa kungoja fundi wa umeme hata kama kila kitu kingeoza. Hilo ndilo jambo la kwanza, na tunaomba lisipitwe kwa haraka: hakuna udi wala kasha lenye thamani ya roho ya mtoto. Kisha walioshuka walivaa viatu virefu vya mpira na glavu, mwenye kidonda alibaki juu, na watoto walizuiwa wasichezee maji yale. Maji ya gharika ya mjini si maji ya mvua tu. Huchukua uchafu wa vyoo na mafuta ya barabarani.

Kufika hapo tulikuwa tumefanya vema. Makosa yalianza tulipokwisha kuvipandisha vitu juu.

Tulivigawa mafungu mawili, vya kutupa na vya kuanika. Katika fungu la kutupa tulitia magodoro na mito ya usufi, magunia ya unga, na mabusati yaliyokwisha kunuka. Haya yalikuwa na haki ya kutupwa, maana usufi ukinywa maji machafu hausafishiki. Lakini sanduku la kaseti nalo lilikuwa limejaa tope, na mmoja wetu akasema kwamba kaseti ikiingia maji imekufa. Hakuna aliyembishia. Kabla ya alasiri mkokoteni wa taka ulikuwa umelichukua pamoja na magodoro. Tutalirudia jambo hili.

Kosa la pili tulilifanya kwa furaha. Siku ya pili jua lilitoka. Mtu wa pwani akiona jua baada ya mvua, hana fikira nyingine ila kuanika. Tukayapandisha matari yote 12 juu ya paa la saruji, tukayapanga kama samaki wa ng'onda, tukashuka kunywa chai. Ilipokaribia adhuhuri tukasikia mlio juu, kama wa kijiti kinachovunjwa. Kisha wa pili. Tulipofika, ngozi za matari mawili zilikuwa zimechanika penye misumari, na mbao za mawili mengine zilikuwa zimepinda, duara limekuwa yai.

Jirani mmoja alikwisha kumwita mzee fundi, ambaye maisha yake yote ametengeneza viti, masanduku, matari na kila kitu cha mti kinachoimba. Alipanda ngazi taratibu, akashika kiuno, akatazama paa letu. Tulimwamkia. Akasema: "Wanangu, toeni vitu hivi juani kwanza. Tutaamkiana baadaye."

Aliyotufundisha alasiri ile ndiyo tunayotaka kuwaachia. Mti, alisema, hunywa maji na kuvimba. Ukiuweka juani, upande wa nje hukauka upesi na kusinyaa, ilhali moyo wake bado umevimba. Nje hubana, ndani husukuma, na ubao hauna budi kupasuka au kupinda. Ukiukausha kivulini, penye hewa inayopita, nje na ndani huenda kwa mwendo unaokaribiana, na ubao hurudi mahali pake. Ngozi ya mbuzi nayo ikilowa hulegea, na ikikauka kwa ghafula hujivuta kwa nguvu nyingi. Ikiwa imepigiliwa kwenye duara la mti, basi ama ngozi itachanika, ama duara litapinda. Sisi tulipata yote mawili kwa siku moja.

Kina mama wengi watauliza: mbona matari hupashwa moto kabla ya kupigwa, na hayadhuriki? Tulimuuliza hilo. Akasema kwamba moto ule ni wa ngozi kavu iliyopata unyevu kidogo wa hewa, nayo hutaka kukazwa tu ili sauti ipande. Ngozi iliyolala majini usiku kucha haitaki kukazwa. Inataka kuachwa ipumue.

Basi matari manane yaliyosalia yalishushwa chumbani, madirisha yakafunguliwa. Kabla ya yote fundi aliyapangusa tope kwa kitambaa kilichochovywa katika maji safi na kukamuliwa, maana tope likikauka juu ya ngozi au mti huwa gumu kuliondoa bila kukwaruza. Aliyalaza juu ya vijiti ili hewa ipite chini, akatuagiza tuyageuze asubuhi na jioni. Feni iliruhusiwa, lakini ielekezwe ukutani, isiyapulize moja kwa moja. Visahani vya shaba vilivyo ubavuni vilikaushwa kimoja kimoja kwa pamba. Kazi hii ilichukua zaidi ya wiki mbili. Kila siku mmoja wetu alisema kwamba sasa yamekauka, na kila siku fundi alipoyashika alisema bado.

Hapo pana mashaka ambayo hatuna budi kuyaeleza, maana msomaji atajiuliza: tukikausha polepole, je, kuvu haitaota? Itaota, na katika joto la pwani yetu huanza katika siku moja au mbili. Kwa hiyo polepole si kuacha. Kitu kilicholowa hakifai kufungiwa kabatini, wala kufunikwa kwa plastiki, wala kuachwa ndani ya sanduku lake. Kitolewe, kitenganishwe na wenzake, kipate hewa saa zote, na kuvu ikionekana ipanguswe mapema. Kivuli na upepo ndiyo dawa, na kila kimoja peke yake hakitoshi.

Sasa udi. Sanduku lake lilipofunguliwa, maji yalimwagika kama yaliyotoka katika mtungi. Sanduku la namna ile, ambalo miaka yote huilinda ala, likishalowa huwa adui yake, kwa sababu kitambaa cha ndani hushika maji na joto. Fundi aliutoa udi, na kabla ya kufanya lolote jingine alizilegeza nyuzi. Alitueleza kwamba nyuzi zilizokazwa huuvuta uso wa udi mchana na usiku. Mti mkavu huustahimili mvuto huo, lakini mti uliolowa husalimu amri. Vigingi viwili vilikuwa vimevimba visizunguke. Hakuvilazimisha. Alizikata nyuzi zake baada ya nyingine zote kulegea, akaviacha vigingi mpaka vilipokauka na kutoka vyenyewe.

Siku ya tatu tuliamka tukaukuta uso wa udi umebanduka, na mbavu mbili za mgongo zimeachana na wenzake. Mama yetu aliketi akalia. Ami, ambaye ni mtu wa maamuzi ya haraka, alisema kwamba babu amekwisha kufa mara ya pili, na afadhali vipande vile vitupwe kuliko kuwaumiza watu kwa kuvitazama. Fundi alivichukua kimoja kimoja, akavigeuza mwangani, kisha akasema maneno ambayo tumeyahifadhi: "Hakuna kilichovunjika hapa. Vimeachana tu. Kilichoachana huunganishwa, taabu ni kilichovunjika."

Kumbe ala kama hizi kwa desturi huunganishwa kwa gundi inayopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ikiwa kavu hushika vizazi na vizazi, lakini maji na joto huilegeza. Sisi tuliona huo ni udhaifu. Fundi alituambia kwamba huo ndio wema wake. Udi unapotaka kutengenezwa, mjuzi huufungua kwa maji ya moto kidogo na kisu chembamba bila kuupasua ubao. Maji ya gharika yalikuwa yamefanya kwa ujeuri kazi ambayo fundi huifanya kwa adabu. Ndiyo maana alitukataza mambo mawili. La kwanza, tusitupe hata kibanzi kidogo kama ukucha. Kila kipande kilitiwa katika mfuko wa kitambaa pamoja na karatasi yenye kuandikwa mahali kilipotoka. La pili, tusitie gundi ya dukani, hasa ile inayoshika papo hapo, maana hiyo haifunguki tena, na fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuuvunja mti ili kurekebisha kosa letu.

Miezi kadhaa baadaye, mmoja wetu alisoma habari za mji wa Nashville, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, tukafarijika kwamba haya hayakutupata sisi peke yetu. Nashville ni mji unaoishi kwa muziki. Tarehe 1 na 2 Mei 2010 ulinyeshewa na zaidi ya milimita 330 za mvua katika siku mbili, na mto Cumberland ukapanda kingo zake. Katika ukumbi wa Schermerhorn, maskani ya okestra ya mji huo, maji yaliingia vyumba vya chini ya ardhi yakaharibu piano mbili kubwa za Steinway. Karibu na mto mlikuwa na ghala liitwalo Soundcheck, ambamo wanamuziki wengi walihifadhi ala zao, na ala zile zilikaa majini siku kadhaa kabla ya wenyewe kuruhusiwa kuingia. Ziko zilizokufa kabisa. Na yako magitaa yaliyoachana vipande kama udi wetu, mafundi wakayakausha kwa subira, wakayaunganisha, yakapigwa tena. Watu wa mji wenye mali na mitambo walilazimika kufanya lile lile alilotufundisha mzee wetu kwa vijiti na dirisha wazi.

Baada ya ala, tuwaeleze kwa ufupi kuhusu vitu vingine, kwa kuwa nyumba zisizo na udi ni nyingi, lakini isiyo na picha wala karatasi hakuna.

Misahafu ndiyo tuliyoitoa kwanza, kwa heshima yake, tukaiweka mahali pa juu. Kitabu kilicholowa kisifunguliwe kwa nguvu, kwa sababu karatasi mbichi huchanika kama mkate. Tulikisimamisha kila kimoja wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo, tukatia karatasi nyeupe za jikoni baina ya kurasa chache chache, tukizibadilisha zilipolowa. Magazeti hayafai kwa kazi hii, kwani wino wake huhamia kitabuni. Juzuu zilizoharibika pasipo na tamaa ya kutengenezeka hatukuzitia katika taka. Tulimuuliza imamu wa msikiti wetu namna ya kuzihifadhi kwa adabu, na tunawashauri nanyi muwaulize wenu.

Barua zilizoandikwa kwa wino wa kalamu ya zamani zisisuuzwe, maana maneno yataondoka na maji. Zilazwe juu ya kitambaa safi zikauke. Hati za nyumba, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vitangulizwe kuliko barua za mapenzi, hata kama moyo unataka kinyume.

Picha zina sharti lake: zisiachwe zikauke zikiwa zimegusana. Zikishikana na kukauka, hazitabanduliwa bila kuacha sura za watu upande wa pili. Zikiwa bado mbichi huachanishwa polepole ndani ya bakuli la maji safi ya baridi, hazishikwi usoni bali pembeni, kisha hulazwa chali au hutundikwa kwa vibanio vya nguo kivulini. Iliyonatia kwenye kioo cha fremu isivutwe. Albamu ya harusi ya mama yetu ilikuwa na picha nyingi kuliko mikono tuliyokuwa nayo, na kuvu haingoji mtu. Jirani yetu alitupa nafasi katika friza yake. Tulizitia picha katika mifuko ya plastiki, chache chache, tukazigandisha. Baridi huisimamisha kuvu, na mtu hupata muda wa kuzitoa kidogo kidogo na kuzishughulikia. Friza hufaa kwa picha na karatasi, wala si kwa ala za mti na ngozi. Katika picha 60 zilizokuwa humo, 41 bado zina nyuso.

Leso za bibi zilitaka maji safi ya baridi, kila doti peke yake. Rangi za zamani hutoka, na mmoja wetu, kwa uvivu, aliloweka doti mbili pamoja. Leo hatuna doti mbili tena, tuna nne za rangi moja ya waridi. Kasha lenyewe lilikataa kufunguka droo zake, na ami alitaka kuleta nyundo. Fundi akasema tungoje. Baada ya mwezi mmoja droo zilifunguka kwa kidole. Misumari ya shaba tulikatazwa kuisugua kwa ndimu au ukwaju, kama ilivyo desturi yetu, mpaka mti ulipokauka kabisa, ili majimaji ya siki yasipenye katika ubao.

Redio, spika na vinanda vya umeme visiwashwe kwa kujaribu. Mtu hutamani kujua kama kitu ni kizima, naye kwa kutaka kujua hukiua. Betri zitolewe, kikauke, kipelekwe kwa fundi akifungue.

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Matari yalikuwa amana, na sisi kwa siku mbili tulimficha mwenye amana. Tulitumaini kwamba yatakauka, tuyarudishe kimya kimya, pasiwe na maneno. Harusi ya binti wa mtaani ilikuwa Disemba, wiki tano mbele. Baada ya manne kuharibika juani hatukuwa na njia ila kwenda kwa mwalimu wa kikundi, mama mtu mzima ambaye hata ami yetu humwogopa. Tulimsimulia yote, pamoja na lile paa. Alinyamaza muda, kisha akasema: "Maji ni kudura ya Mungu, sina la kuwaambia. Lakini zile siku mbili ni zenu. Mngaliniita siku ya kwanza ningalikuja na wanawake 12, kila mmoja angalichukua tari lake kwake."

Ni kweli. Mikono 24 na nyumba 12 zenye hewa zingalifanya kazi ambayo chumba kimoja kilishindwa. Aibu yetu ndiyo iliyogharimu. Tangu siku ile tumeamini kwamba amana iliyopatwa na maafa huanza kulindwa kwa ulimi: mwambie mwenyewe, mapema, kabla hujajaribu kuwa shujaa.

Mwisho wa hesabu ulikuwa hivi. Katika yale manane yaliyokaushwa kivulini, saba yalirudi salama, na moja ngozi yake ilioza. Hilo, na yale mawili yaliyochanika juani, yalivalishwa ngozi mpya kwa gharama yetu. Mawili yaliyopinda hayakurekebishika, nasi tuliyalipa baadaye kwa matari mapya. Usiku wa harusi yalipigwa matari kumi. Tulikaa nyuma ya ukumbi tukiyahesabu kwa masikio. Udi wa babu ulichukua miezi minane. Sauti yake imekuwa nzito kidogo kuliko tunavyoikumbuka, lakini ni sauti yake.

Na kaseti? Baada ya harusi ile alikuja kututazama dada yake bibi yetu, ajuza aliyebaki peke yake katika kizazi chao. Alikunywa kahawa, akasifu leso, akaupapasa udi. Kisha akauliza: "Na ile kaseti ya marehemu, aliyorekodiwa akimuaga binti yake usiku wa kutolewa, mmeiweka wapi?"

Hatukujua kwamba kaseti ile ipo. Hakuna aliyekuwa na sauti ya bibi mahali pengine popote. Fundi wa redio tuliyemuuliza baadaye alitueleza kwamba utepe wa kaseti ni plastiki, na tope peke yake haliui sauti. Kaseti iliyolowa husuuzwa kwa maji safi, hukaushwa kivulini pasipo moto, utepe huhamishiwa katika ganda jipya, hupigwa polepole mara moja, na sauti ikanakiliwa. Si kila mara hufaulu, lakini mara nyingi huwezekana.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, maji hayakuichukua sauti ya bibi yetu. Maji yaliiletea tope tu. Sisi ndio tulioipeleka jaani, asubuhi ya kwanza, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuona sakafu safi.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni tatu, nasi tunawaachia mzipime. Ya kwanza, kitu cha marehemu hakitupwi siku ya gharika. Kikiwa hakinuki uchafu wa hatari, huwekwa kando kivulini wiki moja, mpaka mkubwa wa familia aulizwe. Ya pili, sauti na picha zinakiliwe sasa, kukiwa kukavu, na nakala ziwekwe kwa jamaa wa nyumba nyingine, si katika droo ya chumba cha pili. Ya tatu, kitu chochote chenye mti, ngozi au karatasi kisikae chini ya usawa wa njia. Stoo yetu leo ina madebe matupu na baiskeli mbovu, na hata hivyo viko juu ya mbao. Matari ya kina mama yanakaa ghorofani, yametundikwa ukutani, na kila mwenye tari anajua lake liko msumari gani.

Kabla ya vuli kuingia, shukeni stooni mwenu na mzee mmoja wa nyumba, mfungue masanduku, mumuulize kila kimoja ni cha nani na kina nini ndani yake. Kazi hiyo haizidi mchana mmoja. Sisi tungalitoa mengi ili kuupata mchana huo.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi nanyi, na awarehemu waliotutangulia. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.